Kwa nini Civ, EU4 na Age of Empires hazina pa kuishia? Na mipangilio ya mtu mwenye saa mbili tu

ngalawa88

Wakuu, habari za jioni.

Nina swali lenye pande mbili, na ningependa lijibiwe na watu wanaozijua gemu hizi kwa undani. Jibu la "zima kompyuta ukalale" nalijua tayari.

Upande wa kwanza: ni kitu gani hasa ndani ya gemu za mikakati ya kihistoria kinachomshika mtu namna hii? Gemu ya mpira ina dakika zake, filimbi ikilia imekwisha. Gemu ya ngumi ina raundi. Lakini mtu akifungua Civilization VI saa mbili usiku, akasema acheze zamu chache, adhana ya alfajiri inamkuta bado anatafuta pa kumkalisha mlowezi, yule wa kuanzisha mji mpya. Europa Universalis IV (EU4) hivyo hivyo. Age of Empires II angalau mechi inaisha, ila unaanza nyingine. Nataka kujua mtambo wake unafanyaje kazi.

Upande wa pili: mtu mwenye saa mbili za jioni siku za kazi, na laptopu ya kawaida, aweke mipangilio gani ili afaidi gemu na bado aamke mapema?

---

zamu_500

Karibu mkuu. Nijibu kuhusu Civ, hizo nyingine nawaachia wenyewe.

Mtambo ni huu: mambo unayoyasubiri hayaivi kwa pamoja. Chukua mchezo wa kawaida ukiwa zamu ya 20. Mji mkuu unazalisha 8 kwa zamu, mlowezi wa kwanza anagharimu 80, kwa hiyo ni zamu 10, na zimebaki 6. Utafiti wa Uandishi umebakiza zamu 4. Skauti yuko mwendo wa zamu 2 kutoka kijiji cha wenyeji ambacho kinaweza kukupa dhahabu, au teknolojia, au mkazi wa bure. Hujui mpaka ukanyage. Imani imefika 22, inapanda 1 kwa zamu, na pantheoni (imani ya kwanza ya taifa lako) inataka 25. Hesabu sasa: zamu ya 22 kijiji, ya 23 pantheoni, ya 24 Uandishi, ya 26 mlowezi. Kila kimoja kikikamilika, gemu haikuruhusu kupita mpaka uchague kinachofuata, na ukishachagua umejiwekea miadi mpya. Ni kama mtu aliyejiunga na vikundi vitano vya upatu, kila kimoja na siku yake ya kupokea: hakuna wiki ambayo hana cha kusubiri.

Sid Meier na Bruce Shelley walipotoa Civilization ya kwanza mwaka 1991 wakiwa kampuni ya MicroProse, msingi huu ulikuwamo tayari. Hadi leo ukishinda, skrini ya ushindi inakupa kitufe cha kuendelea zamu moja zaidi. Hata mwisho wa gemu si mwisho.

Juu ya hapo Civ VI imeongeza Eureka. Ukifanya kitendo fulani unapunguziwa asilimia 40 ya gharama ya teknolojia inayohusika. Kukutana na taifa jingine kunasukuma Uandishi. Kuanzisha mji pwani kunasukuma Usafiri wa Baharini. Kuua washenzi watatu kunasukuma Ufuaji wa Shaba Nyeusi. Kwa hiyo hata unapodhani unasubiri tu, kuna kazi ndogo za pembeni zinazokuita, na kila moja ina malipo unayoyajua kabla hujaianza. Hii ndiyo sehemu ninayoiona imebuniwa kwa ustadi mkubwa kuliko zote, kwa sababu inamlazimu mchezaji asome ramani aliyopewa badala ya kurudia mpango uleule wa jana.

Halafu kuna mtego wa saa ambao watu wengi hawaupimi. Zamu ya 20 una mji mmoja na askari wawili, unaimaliza kwa sekunde kumi. Zamu ya 250 una miji 12, misafara ya biashara, wajenzi, wajumbe na jirani anayepiga kelele mpakani. Hiyo ni dakika tatu au nne, ukijumlisha muda wa kompyuta kuwachezesha wapinzani. Lakini kichwani "zamu moja" bado ina uzito wa ile ya kwanza. Unajiahidi zamu kumi, na kumbe umejiahidi zaidi ya nusu saa.

Mipangilio. Kasi ya kawaida ni zamu 500. Kuna Quick ya zamu 330 na Online ya zamu 250. Kwa saa mbili za jioni chukua Online, ramani ya Tiny yenye wachezaji 4. Tahadhari: kwenye Online gharama za ujenzi na utafiti zinashuka kwa nusu, lakini mwendo wa askari haubadiliki. Jeshi la panga unalolituma kwa jirani aliye mbali linafika yeye ameshapata bunduki. Wengi hufeli hapa halafu wanasema kasi ni mbovu. Kama unataka vita, piga jirani wa karibu mapema, kabla ya kuta, au panda Quick. Kama unataka sayansi au utamaduni, Online haina tatizo.

Usivuke miji 6 hadi 8. Panga foleni ya ujenzi katika kila mji, vitu vitatu vinne, ili usiulizwe kila zamu. Askari wasio na kazi walaze kwa kuwaimarisha mahali, usiwabonyezee "ruka zamu" mmoja mmoja.

Na kuhusu kuacha: usitafute mahali pasafi pa kuishia, hapapo. Kata kwa saa, halafu tumia dakika tatu za mwisho kuandika. Weka pini kwenye ramani pale unapotaka mji ujao na wilaya zake, na hifadhi gemu kwa jina linalobeba agizo, mfano "z87 mlowezi kaskazini mtoni, Kongo anajenga jeshi". Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika tangu mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatizwa hukaa akilini kuliko iliyomalizika. Mwaka 2011 watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha kwamba ukiandika mpango mahususi wa kuimaliza, kero hiyo hupungua hata kama kazi yenyewe haijaguswa. Pini na jina la faili vinafanya kazi hiyo.

---

BintiPwani

Kaka zamu_500 amemaliza Civ. Age of Empires II ni habari nyingine, kwa sababu pale kinachokushika ni mkono, si kalenda.

Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutoka. Kituo cha mji hakitakiwi kukaa bure hata kidogo. Toleo la Definitive la mwaka 2019 linaendeshwa kwa kasi ya 1.7, kwa hiyo sekunde 25 za gemu ni kama 15 za ukutani. Yaani kila robo dakika kuna uamuzi mmoja usiokwepeka: huyu aliyetoka anaenda wapi? Hapo hujagusa skauti, nyumba, wala adui.

Angalia mwanzo ulivyobana. Una wanakijiji 3 na skauti 1, yaani watu 4, na kituo cha mji kinabeba 5. Una mbao 200 na chakula 200, kwa hiyo wanakijiji wanne tu kabla hujaanza kuchinja. Papo hapo weka foleni ya wanakijiji, jenga nyumba mbili (mbao 25 kila moja, kila moja inaongeza nafasi 5), na skauti azunguke kutafuta kondoo. Sita wa kwanza kwenye kondoo, wanne wanaofuata kwenye mbao, halafu mmoja akamvute ngiri hadi kwenye kituo. Ngiri ana chakula 340, kondoo 100. Chinja kondoo mmoja mmoja tu, maana nyama ya mnyama aliyekufa inaoza ikiachwa.

Ukitaka farasi wa mapema unabonyeza kupanda zama ya pili, Feudal, ukiwa na watu 21, chakula 500 mkononi. Fanya hesabu: wanakijiji 17 mara sekunde 25, ongeza 25 za teknolojia ya Loom, ni dakika 7 na nusu. Kupanda kunachukua sekunde 130, kwa hiyo uko Feudal dakika ya 9 na sekunde 40. Hiyo ndiyo namba kamili. Mchezaji akitazama rekodi yake akakuta dakika 11, anajua ameacha zaidi ya dakika nzima mahali fulani, na anaweza kupaona: nyumba ilichelewa akakwama kwenye 15, au ngiri alimuua mwanakijiji kwa sababu hakukuwa na wa kusaidia kumpiga.

Na hapo ndipo uraibu ulipo kwa maoni yangu. Kosa linaonekana, lina saa yake, na dawa yake unaijua. Mtu aliyepoteza mechi haondoki akiwa na huzuni, anaondoka akiwa na sahihisho, na sahihisho linataka kujaribiwa sasa hivi. Ukiongeza pointi za daraja zilizoshuka, mechi ya tatu inaanza yenyewe.

Kwa mtu wa saa mbili: hesabu mechi, usihesabu saa. Mechi ya dakika 40 kwenye saa ya gemu ni kama dakika 24 za kweli. Mbili za daraja, halafu nusu saa ya kutazama rekodi ya ile uliyopoteza. Kutazama kunazima ile hamu ya kujaribu upya, kwa sababu sahihisho umeshalipata. Siku umechoka usiingie kwenye daraja kabisa. Cheza mazoezi ya Art of War yaliyomo humo ndani. Kila zoezi ni fupi, lina medali, na likiisha limeisha.

---

Kasri_la_Husuni

Salaam kwenu. Nimependa hesabu za Binti. Nije kwenye EU4, na pia niseme neno kuhusu historia yenyewe, kwa sababu mpaka sasa mmeieleza gemu kana kwamba ingeweza kuwa ya sayari za kubuni na mvuto ukabaki uleule. Haungebaki.

EU4 inaanza tarehe 11 Novemba 1444. Kilwa imo, unaweza kuichagua. Mtu yeyote aliyesoma historia ya pwani anajua kinachokuja: Vasco da Gama anapita Mombasa na Malindi Aprili 1498, na Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida anaishambulia Kilwa, kisha Mombasa mwezi unaofuata. Mchezaji wa Kilwa amepewa miaka 60 na miezi minane, na anaijua. Hiyo ndiyo inayomfanya akeshe. Swali lake si "nishinde?" bali "je, ingewezekana?" Kilwa ya kweli iliishi kwa dhahabu iliyoshuka kutoka nyanda za Zimbabwe hadi Sofala, na mwisho wa karne ya 15 ilikuwa imedhoofishwa na ugomvi wa kurithi kiti. Kwenye gemu unajaribu kuziba mianya hiyo mmoja baada ya mwingine.

Na mianya ina bei. Karibu kila kitu kinalipiwa kwa pointi za mtawala, za utawala, diplomasia na jeshi. Unapata 3 za msingi kila mwezi, ujumlishe uwezo wa sultani (0 hadi 6) na mshauri. Sultani wa 3 na mshauri wa daraja la kwanza ni 7 kwa mwezi. Teknolojia moja ni pointi 600 kabla ya nyongeza, yaani miezi 86, miaka saba na zaidi. Pointi hizohizo ndizo unazolipia kuyafanya majimbo uliyoyateka kuwa yako, kazi inayochukua kama miezi 36. Ukiteka kwa pupa hadi utanuzi (ardhi uliyoteka ambayo bado hujaimilikisha) uzidi asilimia 100, maasi na matukio mabaya yanafuatana. Ukiwachukiza majirani kwa uchokozi hadi 50, wanaungana dhidi yako. Wachezaji wengi wapya wa Kilwa hufia hapo: wanameza majirani wote wa pwani kwa mkupuo mmoja, wanakuta hawana pointi za teknolojia, na Mreno anapofika bado wana meli za zamani.

Kwenye biashara, msimweke mfanyabiashara akusanye Zanzibar. Kama makao makuu yenu yako ndani ya kituo hicho cha biashara, mapato yanaingia bila yeye. Mpelekeni kituo cha juu, bara, asukume mali ije chini, na meli nyepesi zilinde njia.

Sasa niseme ninapotofautiana na zamu_500. Kukata kwa saa popote ulipo ni sawa kwa Civ, lakini EU4 ukikata katikati ya vita utajuta. Kesho hukumbuki jeshi lipi lilikuwa baharini, ngome ipi imebakiza kidogo ianguke, na kwa nini ulikopa. Utapoteza nusu saa ya jioni ya pili kwa kujikumbusha tu. Utaratibu mzuri: saini amani, simamisha muda hapohapo, anzisha kazi ya kumilikisha majimbo, rudisha majeshi nyumbani, punguza malipo ya jeshi, kisha toka ukiwa bado umesimamisha. Usiachie saa ikimbie "mwezi mmoja tuone mapato", maana tarehe mosi ya kila mwezi hazina inaingia na hapo ndipo mnapotekwa tena. Zikibaki dakika 40 na hamko vitani, msitangaze vita.

Na wekeni mwisho wenu. Gemu inakwenda hadi 1821, miaka 376, na baada ya 1600 hivi mchezaji mzuri anakuwa hana mpinzani. Malizeni Desemba 1505. Kama Kilwa imesimama, mmejibu swali lenu.

Onyo moja kwa wanaojifunzia historia humu: gemu inamfanya kila mtu mteka ardhi. Miji ya Waswahili haikuishi hivyo. Ilikuwa miji ya bandari yenye masultani na waungwana wake, ikishindana na kuoana na kufanyiana biashara, na haikuwa na hamu kubwa ya kutawala bara. Civ VI, kwa namna ya ajabu, imeipatia Zanzibar nafasi inayokaribia ukweli zaidi: ni dola-mji ya biashara. Ukiipelekea wajumbe wasiopungua watatu na ukawazidi wengine, unapata mdalasini na karafuu, kila kimoja kikitoa vitulizo 6 (pointi za kuwaridhisha wakazi) kwa miji yako, na huvipati kwingine kokote.

---

ngalawa88

Shukrani sana wakuu, na dada BintiPwani. Kasri, huo mpaka wa 1505 ndiyo kitu nilichokuwa nakitafuta bila kujua.

Maswali mawili ya mwisho. Umeme ukikatika ghafla, nini kinapotea? Na kuna namna ya kucheza Civ na jamaa walioko mbali bila kukaa wote kwa pamoja usiku kucha?

---

zamu_500

Kasri amesema kweli kuhusu vita vya EU4, nakubali.

Umeme: kwenye Civ VI ingia mipangilio uweke kujihifadhi kila zamu, basi utapoteza zamu uliyokuwemo tu. EU4 ukicheza Ironman, hali isiyokuruhusu kurudi nyuma, una faili moja, na umeme ukikatika wakati inaandikwa inaweza kuharibika. Betri ya laptopu ikiwa imekufa, usicheze Ironman. Punguza pia mzigo: Civ VI ina mwonekano wa ramani bapa unaopunguza kazi ya kadi ya picha, ila hauharakishi zamu za wapinzani, hizo ni kazi ya prosesa na idadi ya mataifa. Ndiyo maana nilikwambia wanne.

Kucheza na wa mbali: tafuta Play By Cloud ndani ya Civ VI. Kila mtu anacheza zamu yake kwa wakati wake, gemu inakaa kwenye seva, na mwenye zamu anapata taarifa. Kubalianeni muda wa kila zamu mapema, saa 24 kwa mfano, vinginevyo mmoja akisafiri wote mmekwama. Na humo ile "zamu moja" ni moja kweli, maana ya pili huna ruhusa nayo.

---

tabibu_mkesha

Nichangie kidogo, kwa sababu neno uraibu limetumika hapa.

Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo ni vitatu kwa pamoja: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepewa kipaumbele kuliko mambo mengine ya maisha, na anaendelea au anazidisha ingawa madhara yanaonekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na iwe imevuruga kweli kazi, masomo au familia. Kukesha Ijumaa moja kwa ajili ya Kilwa hakumo. Kukosa kazini mara kwa mara, kuficha muda uliochezwa, kuacha kula na watu wa nyumbani, hayo mwone mtaalamu wa afya ya akili, na usijilaumu kwa kuchelewa.

Kwa wengine wote, jambo la kwanza la kurekebisha ni saa. Gemu hizi zikijaza skrini nzima zinaficha saa ya kompyuta. Ziendesheni kwenye dirisha la kawaida lisilojaza skrini, au wekeni saa ya kweli juu ya meza mahali inapoonekana. Kengele ya simu iwe chumba kingine ili mlazimike kusimama kuizima, na ilie dakika 15 kabla ya muda, si wakati wenyewe, kwa sababu pini za zamu_500 na amani ya Kasri vinahitaji hizo dakika 15.

---

BintiPwani

Nyongeza ya tabibu ni muhimu kwenye Age pia: kengele ikilia mechi ikiwa katikati, wenzako kwenye timu ndio wanaoumia. Kwa hiyo usibonyeze kutafuta mechi ya timu zikibaki chini ya dakika 50. Mechi za watu wanne kwa wanne zinarefuka kuliko za mmoja kwa mmoja, na kusubiri kupangiwa nako kunakula muda.